Tuandikeje Habari za Meli Iliyozama? Namna ya Kuhariri Kamusi Elezo ya Intaneti



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu. Siku hizi mwanafunzi akipewa kazi ya kutafuta habari, mahali pa kwanza anapokimbilia ni intaneti, na mara nyingi anachokikuta kimetoka katika Wikipedia, kamusi elezo inayosomwa bure duniani kote. Wengi wetu tunaisoma. Lakini ni wachache wanaojua kwamba juu ya karibu kila ukurasa wake kuna neno "Hariri", na kwamba anayelibonyeza neno hilo anaweza kubadilisha yaliyoandikwa, na mabadiliko yake yakasomwa muda huo huo na mtu aliyeko Muscat, Bujumbura au Toronto.

Huo ni uwezo mkubwa, na kila uwezo una dhamana yake. Katika makala hii tunataka kueleza kazi hiyo inafanywa vipi, ni kanuni gani zinazoiongoza, na ni madhara gani yanayoweza kutokea ikifanywa ovyo. Ili maelezo yasibaki hewani tumechagua mfano mmoja, nao ni meli ya uvuvi ya Uingereza iliyoitwa Gaul, iliyopotea baharini mwaka 1974. Tumeichagua kwa sababu habari zake zilichanganyika na uvumi kwa miaka 30, na kwa sababu nyuma ya habari hizo wapo wajane, mayatima na wazee waliotaka kujua jambo moja tu: watu wao walipatwa na nini?

KAMUSI ELEZO HII NI KITU GANI?

Kamusi ya kawaida inaeleza maana za maneno. Kamusi elezo inaeleza mambo yenyewe: nchi, watu, wanyama, vita, magonjwa, vyombo vya baharini na kadhalika. Zamani vitabu vya namna hii viliandikwa na wataalamu walioajiriwa, vikachapishwa katika majuzuu mengi na kuuzwa kwa bei kubwa. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, kwa mtindo mwingine kabisa: mtu yeyote aandike, na mtu yeyote asahihishe. Neno "wiki" limetokana na lugha ya Hawaii na maana yake ni "haraka". Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003.

Msomaji atauliza: ikiwa kila mtu anaruhusiwa kuandika, kuna usalama gani? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba ukurasa wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikuwa umeandikwa uongo kwamba alishukiwa kuhusika na mauaji ya Rais Kennedy. Uongo huo ulikaa hapo kwa miezi kama minne bila ya kuondolewa. Mtu aliyeuandika alisema baadaye kwamba alifanya mzaha tu. Basi angalieni: mzaha wa dakika moja, na heshima ya mtu mzima ikachafuliwa kwa miezi.

Kinga iliyopo ni hii. Kila ukurasa unahifadhi historia ya mabadiliko yake yote: lini yalifanywa, na kwa jina gani la mtumiaji. Kila ukurasa una sehemu ya majadiliano, ambapo wahariri huulizana na kukubaliana. Tena kuna kanuni ambazo mhariri akizivunja kazi yake hufutwa, na akiendelea huzuiwa. Kanuni hizo tutazieleza, lakini kwanza tuijue meli yetu.

MELI YA GAUL NA YALIYOIPATA

Hull ni mji wa bandari mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi wanaume wa mji huo walikwenda kuvua katika bahari za kaskazini kabisa, ambako wakati wa baridi usiku ni mrefu mno na maji ya mawimbi huganda juu ya kamba na milingoti mpaka chombo kikawa kizito upande wa juu. Mji ule uliujua msiba wa bahari. Mwanzoni mwa mwaka 1968 meli tatu za Hull zilizama katika kipindi cha wiki chache, wakafa watu 58.

Gaul haikuwa chombo kikongwe. Iliundwa mwaka 1972 katika mji wa Lowestoft na mwanzo iliitwa Ranger Castor. Mwaka 1973 ikapata wenyewe wapya na jina jipya. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 66. Ilikuwa meli ya kukokota wavu, na wavu ulivutwa na kupandishwa kwa upande wa shetri, yaani nyuma. Chini ya sitaha palikuwa na kiwanda: samaki walipasuliwa, wakasafishwa na kugandishwa humo humo melini, na matumbo na takataka zikatupwa baharini kupitia mifereji iliyotoboka ubavuni mwa meli. Tafadhali ikumbukeni mifereji hiyo, kwani tutairudia.

Gaul iling'oa nanga Hull tarehe 22 Januari 1974 ikiwa na watu 36. Tarehe 8 Februari ilikuwa katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei, pamoja na meli nyingine za uvuvi, katika dhoruba kali. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kusikika. Haikutoa wito wowote wa kuomba msaada. Meli na ndege ziliitafuta na hazikuona kitu. Baada ya miezi mitatu liliokotwa boya la kuokolea lenye jina lake, basi.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Katika miji yetu zipo nyumba ambazo mtu wao alitoka na ngalawa au mashua alfajiri, na hata leo hajarudi. Aliyekufa huoshwa, husaliwa na kuzikwa, na wafiwa hupewa mkono wa pole. Aliyepotea huacha swali, na swali hilo hukaa nyumbani kila siku.

UVUMI ULIVYOZALIWA

Uchunguzi rasmi ulifanywa mwaka huo huo wa 1974. Ulisema kwamba meli ilipigwa na mawimbi makubwa yaliyofuatana, ikapinduka na kuzama. Lakini mabaki ya meli hayakuwa yameonekana, na jamaa wengi hawakuridhika. Vipi meli mpya, kubwa na ya kisasa izame bila ya neno hata moja kwenye redio?

Hapo ndipo uvumi ulipopata nafasi. Enzi zile Nchi za Magharibi na Urusi ya Kisovieti zilikuwa katika vita baridi, na Bahari ya Barents ilikuwa ndiyo njia ya manowari za Kisovieti kutoka bandari zao za kaskazini. Watu wakasema: Gaul ilikuwa ikifanya ujasusi. Wengine wakasema ilitekwa, na mabaharia wako hai katika magereza ya Urusi. Wengine wakasema wavu wake ulinasa nyambizi ikaburutwa chini. Magazeti na televisheni yakayachukua maneno hayo. Serikali ya Uingereza ilikana, kisha baada ya miaka mingi ikakiri kwamba ni kweli baadhi ya meli za uvuvi zilipata kutumika kukusanya habari za kijeshi. Ukiri huo ukawaongezea watu mashaka badala ya kuyapunguza.

Fikirini mke wa baharia anayesikia kwamba huenda mumewe yu hai gerezani. Aomboleze au asubiri? Uvumi ulio mtamu kwa msomaji wa gazeti ulikuwa mateso kwake.

Mwaka 1997 msafara uliotumwa na kituo cha televisheni uliyapata mabaki ya Gaul katika kina cha mita 280 hivi. Baadaye Serikali ilituma wataalamu kuyakagua kwa kamera na mitambo mwaka 1998, na tena mwaka 2002. Katika safari hiyo ya pili iliopolewa mifupa ya binadamu, na kwa kipimo cha vinasaba wakatambuliwa mabaharia wanne. Kisha uchunguzi rasmi ukafunguliwa upya, na ripoti yake ikatoka mwaka 2004. Ripoti ilisema kwamba ile mifereji ya kutupia takataka ilikuwa wazi, maji ya bahari yakaingia kwa wingi katika sitaha ya kiwanda, na meli ikakosa uzani wake na kuzama. Ripoti iliukataa uvumi wa ujasusi kuwa ndio sababu ya meli kuzama. Hata hivyo, baadhi ya jamaa wa marehemu hawakukubaliana nayo.

Hiyo ndiyo habari kwa ufupi. Sasa tuulize: mtu anayetaka kuiandika au kuisahihisha katika kamusi elezo afuate nini?

KANUNI TATU

Kanuni ya kwanza ni kutopendelea upande. Mhariri haandiki kama wakili wa Serikali wala kama wakili wa familia. Anaeleza kila upande ulisema nini, na anaupa kila upande nafasi inayolingana na ushahidi wake. Hii haina maana kwamba kila neno lipewe uzito sawa. Ripoti iliyotokana na kukagua mabaki ya meli chini ya bahari haiwi sawa na neno la mtu aliyesema "nimesikia".

Kanuni ya pili ni kwamba kila jambo liwe na chanzo kinachoweza kuangaliwa. Haitoshi jambo kuwa kweli. Ni lazima msomaji aweze kwenda kulithibitisha mwenyewe katika kitabu, ripoti au gazeti lenye kuaminika. Ndiyo maana katika kurasa hizo mnaona vitarakimu vidogo mwishoni mwa sentensi, vinavyoelekeza kwenye orodha ya vyanzo chini ya ukurasa.

Kanuni ya tatu ni kutoingiza utafiti wako mwenyewe. Hata kama umekaa ukachora ramani, ukapima upepo na ukafikia rai yako kuhusu namna Gaul ilivyozama, hapo si mahali pa kuitoa. Itoe kwanza katika kitabu au jarida, wenye ujuzi waipime, ndipo kamusi elezo iweze kuitaja.

Wanafunzi wetu hawatapata taabu kuelewa kanuni hizi, kwani madrasa imeshawafundisha kuuliza: nani kasema, na kapokea kwa nani? Aya ya 6 ya Surat Hujurat, ambayo wengi wenu mmeihifadhi, inahusu jambo hili hili la kuhakikisha habari. Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya sanadi, yaani mfululizo wa wapokezi.

Lakini ipo tofauti moja ambayo ni muhimu kuifahamu. Katika sanadi, kila mpokezi anajulikana: jina lake, mji wake, uhodari wa kumbukumbu yake na uadilifu wake. Katika kamusi elezo ya intaneti, mhariri mara nyingi hajulikani kabisa. Huenda akawa profesa, huenda akawa mtoto wa darasa la saba. Kwa hiyo mhariri mwenyewe si wa kutegemewa, na hadai kutegemewa. Kinachotegemewa ni chanzo alichokitaja. Ndiyo maana sentensi isiyo na chanzo haina mtu wa kuisimamia.

Tena tujihadhari na wingi wa uongo. Habari ikitajwa na magazeti 100, tusiseme tuna mashahidi 100. Tutazame kama magazeti hayo yalichunguza kila moja kivyake, au yote yalinakili kutoka kwa moja. Yakiwa yamenakili, shahidi ni mmoja tu. Upo na mtego mwingine: mtu anaandika kosa katika kamusi elezo, gazeti linalinakili kosa lile, kisha mhariri mwingine analitaja gazeti kuwa ni chanzo cha kosa lile lile. Maneno yamezunguka yakarudi yalikotoka, na sasa yamevaa kanzu ya ukweli. Programu mpya za kompyuta zinazotunga maandishi zenyewe zimeongeza hatari hii, kwani huweza kutunga hata jina la kitabu ambacho hakikuandikwa.

TUSAHIHISHE SENTENSI TATU

Maelezo bila ya mazoezi ni kama kujifunza kuogelea ufukweni. Tuchukulie kwamba tumekuta sentensi hizi tatu katika ukurasa, na tuzisahihishe pamoja.

Sentensi ya kwanza: "Gaul ilikuwa meli ya kijasusi iliyotekwa na Warusi mwaka 1974."

Ndani ya sentensi hii fupi mna madai mawili mazito: kwamba ilikuwa ya ujasusi, na kwamba ilitekwa. La pili limepingwa na mabaki yaliyoonekana chini ya bahari na mifupa iliyotambuliwa. La kwanza halikuthibitishwa. Je, tuufute uvumi wote? Hapana. Uvumi wenyewe ni sehemu ya historia ya meli hii. Ndio uliosababisha mabaki kutafutwa. Tutaandika hivi: "Gaul ilikuwa meli ya uvuvi ya Uingereza iliyozama katika Bahari ya Barents mwezi Februari 1974 pamoja na watu wake wote 36. Kwa kuwa haikutoa wito wa msaada, ulienea uvumi kwamba ilihusika na ujasusi au ilitekwa. Uchunguzi wa pili, uliotoa ripoti mwaka 2004, uliukataa uvumi huo kuwa sababu ya kuzama." Sasa uvumi umetajwa kwa jina lake, yaani uvumi, na hukumu ya wachunguzi imetajwa kuwa ni yao. Kila kipande kitafuatwa na chanzo chake.

Sentensi ya pili: "Meli ilizama kwa uzembe wa mabaharia walioacha mifereji wazi."

Hii ni hatari kuliko ya kwanza, kwa sababu inafanana na ripoti rasmi. Ripoti ilisema mifereji ilikuwa wazi. Neno "uzembe" ameliongeza mwandishi. Kuwa wazi ni jambo lililoonekana. Uzembe ni hukumu juu ya nia na wajibu wa watu. Kifuniko huweza kuwa wazi kwa sababu nyingi: ubovu, mpangilio wa chombo, au kazi iliyokuwa ikiendelea. Watu hawa 36 hawana ulimi wa kujitetea, na watoto wao na wajukuu wao wanasoma ukurasa ule. Tutaandika: "Ripoti ya mwaka 2004 ilieleza kwamba mifereji ya kutupia takataka ilikuwa wazi na kwamba maji yaliingia kupitia hapo. Baadhi ya jamaa wa marehemu hawakukubaliana na ripoti hiyo." Hatukuficha kitu, wala hatukumhukumu mtu.

Sentensi ya tatu: "Gaul ilikuwa meli kubwa sana na ya ajabu."

Kubwa kuliko nini? Kwa mvuvi wa dau, meli ya mita 20 ni kubwa sana. Sifa za namna hii hazimpi msomaji elimu. Tutaandika: "Gaul iliundwa Lowestoft mwaka 1972. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 66, na ilikuwa na kiwanda cha kusafisha na kugandisha samaki." Msomaji ataona mwenyewe ukubwa wake. Kurasa za meli huwa na jedwali pembeni lenye mambo haya: jina na majina ya zamani, mahali ilipoundwa, mwaka, urefu, bandari yake na mwisho wake. Ni vyema kuanza kazi kwa kulihakiki jedwali hilo, kwani tarakimu moja ikikosewa hunakiliwa na maelfu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Soma ukurasa mzima, kisha soma historia yake na majadiliano yake. Huenda jambo unalotaka kulibadilisha limeshajadiliwa na kukubaliwa.

2. Kusanya vyanzo kabla ya kuandika. Kwa habari ya meli tafuta ripoti za uchunguzi, vitabu, magazeti ya wakati ule na rejesta za meli. Filamu na riwaya zinaweza kutajwa kuwa zipo, lakini hazithibitishi tukio.

3. Anza na dogo: tarehe, tahajia, sentensi moja iliyokosa chanzo.

4. Andika kwa maneno yako mwenyewe. Kunakili kazi ya mtu bila idhini ni kuchukua haki yake, na huko hufutwa mara moja.

5. Tazama mfano wa ukurasa kabla ya kuuhifadhi, na ueleze kwa maneno machache ulichobadilisha na kwa nini.

6. Ikiwa una maslahi katika habari, kwa mfano kampuni ya meli ni ya baba yako au mmoja wa marehemu ni jamaa yako, usihariri mwenyewe. Sema wazi katika majadiliano, toa ushahidi wako, na uwaachie wengine waandike.

7. Mtu akikifuta ulichoandika, usiingie katika vita vya kufutana. Nenda kwenye majadiliano, taja chanzo chako kwa adabu. Ikiwa yeye ana chanzo bora kuliko chako, mshukuru.

8. Usiandike kwenye ukurasa wowote anwani, simu au siri za nyumbani za mtu. Wazazi, hapa tunaomba mwasimamie watoto: wasitumie majina yao kamili wala picha zao wanapojiandikisha.

MFANO WA KARIBU NA KWETU

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwezi Machi 2009 meli ya uvuvi iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa bahari wa Tanzania ikidaiwa kuvua bila leseni. Ndani mlikuwa na mabaharia wa mataifa mbalimbali na shehena kubwa ya jodari. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa John Pombe Magufuli, na watu wengi wanaikumbuka habari ile kwa jina la "samaki wa Magufuli", kwani samaki wale waligawiwa kwa taasisi za umma.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wawili. Mtu aliyeandika habari hiyo mwaka 2012 aliandika kweli. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliibatilisha hukumu ile. Basi ukurasa unaosema tu kwamba watu hao walitiwa hatiani, ukanyamaza hapo, kila neno lake lina chanzo na bado unadhulumu. Funzo lake ni kwamba habari ya mahakama haikamiliki mpaka rufaa yake ijulikane. Aliyeandika mwanzo wa habari anawajibika kuutafuta mwisho wake, na asipokuwa yeye, basi sisi wasomaji wake.

Na bado tuna kazi kubwa zaidi. Habari za vyombo vya pwani yetu, za manahodha, mafundi wa majahazi, dhoruba na misiba, nyingi zimo vifuani mwa wazee na hazimo katika kitabu chochote. Kamusi elezo haiwezi kuzichukua zikiwa bado midomoni, kwa sababu ya ile kanuni ya pili. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na alichokijua. Dawa yake ni sisi kuanza mapema: mwanafunzi aende kwa babu na bibi, aulize, aandike jina la aliyemsimulia na tarehe, alinganishe na masimulizi ya mwingine, kisha kazi hiyo ihaririwe na kuchapishwa kwa utaratibu na wenye ujuzi. Hapo ndipo kamusi elezo itakapokuwa na cha kutaja.

TUNALOWAUSIA

Wanafunzi wapenzi, kalamu imetoka mikononi mwa wachache ikaingia mikononi mwa kila mtu. Zamani mwenye kueneza uvumi alihitaji gazeti. Leo anahitaji kidole. Familia za mabaharia wa Gaul zilisubiri tangu 1974 hadi 2004 kupata maelezo yaliyosimama juu ya ushahidi wa mabaki yenyewe, na katika muda wote huo kila aliyeongeza neno asilolijua aliwaongezea machungu.

Kwa hiyo kabla hamjabonyeza neno "Hifadhi", jiulizeni maswali matatu. Je, nimeliona jambo hili katika chanzo kinachoaminika, au nimelisikia tu? Je, nimeandika kilichosemwa, au nimezidisha? Je, mtoto wa mtu ninayemwandika akisoma maneno haya, ataona nimemtendea baba yake haki? Mkijibu ndiyo kwa yale yaliyo ya haki katika maswali hayo, andikeni, na elimu yenu iwafae watu mliowajua na msiowajua.

Wabillahi tawfiq.